Lifti haina abiria usiku kucha, uniti zinayeyuka, na fundi hataki kugusa mpangilio mmoja tu!

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia miezi mitatu, leo nimefika mwisho.

Naishi Upanga, jengo la ghorofa 7, kaya 14, lifti moja. Mimi ndiye mtunza hazina wa kamati ya jengo, kwa hiyo LUKU ya lifti nanunua mimi na risiti zote ninazo. Wiki mbili zilizopita uniti ziliisha saa 3 usiku, mimi niko msibani Kigamboni na simu imezima chaji. Bibi wa ghorofa ya sita, ambaye magoti yake hayapandi ngazi, alikaa kwenye kiti cha mlinzi mpaka saa 5, mfuko wa dawa mapajani. Nilipofika aliniambia, "Mwanangu, nilidhani umetusahau." Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Kikao kikaitwa. Wakaamua mambo mawili: mchango upande kutoka 15,000 hadi 25,000 kwa kaya, na lifti izimwe kwenye swichi kuu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Nikauliza, bibi yule akiugua saa 8 usiku tunambeba mgongoni? Hakuna aliyenijibu. Hapo hapo mkandarasi wa matengenezo akatoa karatasi yake: mtambo mpya unaorudisha umeme lifti inapotembea, Sh milioni 38.

Wakuu, hebu tufanye hesabu ya mtoto wa shule. Lifti yetu inakwenda labda safari 100 kwa siku, na kila safari haizidi nusu dakika. Hiyo haifiki saa moja. Saa 23 zilizobaki imesimama! Mtambo wa kurudisha umeme unafanya kazi lifti ikiwa mwendoni tu, kwa mfano chumba kitupu kinapopanda kikivutwa na ule uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba kukisawazisha. Kwenye hoteli au hospitali kubwa, ambako lifti haipumzishwi, sawa, nitawaelewa. Kwetu sisi mnataka kutuuzia dawa ya ugonjwa ambao hatuna.

Basi nikaamka saa 8 usiku nikashuka kwenye mita. Mita yetu imeandikwa mapigo 1000 kwa uniti, maana yake kila kitaa chekundu kikipepesa, imeliwa sehemu moja ya elfu ya uniti. Lifti imesimama chini, mlango umefungwa, jengo zima limelala. Nikashika saa ya simu. Kitaa kilipepesa kila baada ya sekunde 8. Nikasubiri nusu saa nzima nikapima tena: sekunde 8 zile zile. Gawanya sekunde 3600 za saa moja kwa 8, unapata mapigo 450 kwa saa, yaani wati 450. Lifti ambayo haimbebi mtu inakula wati 450! Ni uniti 10 na kitu kwa siku, zaidi ya 300 kwa mwezi. Kwa bei ya uniti 2.8 kwa elfu moja, hiyo ni karibu Sh 110,000 kila mwezi za lifti kusimama.

Nikabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Ndani kunawaka kama ukumbi wa harusi. Taa tano za halojeni, kila moja wati 50, na feni inazunguka inampepea nani sijui. Nilipoinua kiganja darini nikasikia joto kama la pasi.

Kesho yake nikamwomba kijana wa mkandarasi azime taa na feni kwa swichi zake, dakika kumi tu, nipime mchana huo huo. Kitaa kikaanza kupepesa kila sekunde 24. Wati 150. Yaani theluthi mbili ya umeme wa kusimama ni taa na feni! Kinachobaki ni paneli, inveta (kifaa kinachoendesha mota ya lifti), mota ya mlango na vile vioo vya namba kila ghorofa.

Kijana mwenyewe, Mungu ambariki, akanionyesha kwenye paneli kwamba mpangilio wa kuzima taa na feni lifti ikikaa dakika kadhaa bila kuitwa UPO. Ulikuja na mashine. Umewekwa sifuri tangu siku lifti ilipofungwa. Nikamwambia aweke dakika 5. "Kaka, nywila anayo bosi." Nikampigia bosi. Akasema usalama hauruhusu taa ya lifti kuzimwa.

Si kweli! Kanuni za Ulaya za usalama wa lifti, zile za EN 81 ambazo yeye mwenyewe kazinukuu kwenye karatasi yake ya milioni 38, zinasema taa iwake lifti inapotumika, na zinaruhusu izimwe lifti ikiwa imetulia kituoni na milango ya kujiendesha imefungwa. Ukiita, taa inawaka kabla hujaingia. Kinachotakiwa kubaki hai ni kengele ya dharura, intakomu na chaji ya betri ya taa ya dharura, na hivyo sijagusa wala sitaki viguswe. Ndiyo maana naipinga hiyo habari ya swichi kuu.

Na jambo hili si geni. Kiwango cha kimataifa ISO 25745-2 cha mwaka 2015 kinataka lifti ipimwe ikiwa imesimama, ikishakaa dakika 5, na ikishakaa dakika 30, kwa sababu mashine yenye akili inatakiwa ilale hatua kwa hatua. Daraja la kwanza haizidi wati 50. Yetu iko daraja la tano, na ikikaa dakika 30 ni vile vile kama imesimama sasa hivi. Uswisi walipima lifti 33 miaka ya 2000 wakakuta kusimama peke yake kunakula kuanzia robo ya umeme wote wa lifti hadi zaidi ya asilimia 80. Mkandarasi wa lifti anakosaje kulijua hili?

Ninachodai ni vitu vitatu: nywila ya paneli ikabidhiwe kwa kamati, maana lifti ni mali yetu, mpangilio uwekwe dakika 5, na zile halojeni zing'olewe, ziwekwe LED za wati 5, taa tano ambazo mimi mwenyewe nitazinunua Kariakoo kwa pesa yangu. Mchango ubaki 15,000 na bibi apande lifti saa yoyote.

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni. Wenye lifti majengoni kwenu, shukeni usiku wa leo mhesabu kitaa, mniwekee hapa: mapigo yaliyoandikwa kwenye mita, sekunde, na idadi ya ghorofa. Nataka niingie kikaoni na namba za majengo mengine, si yangu peke yake.