Naomba ushauri: mwanangu wa Gredi ya 10 na mchezo wa skii

MamaLanet: Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Nakuru na nina mwana wa Gredi ya 10 ambaye hawazi wala haoti ila mchezo wa skii, ule wa kuteleza kwenye theluji. Alama zake za Hisabati zimeshuka. Nimhimizeje ashike masomo bila kumvunja moyo?

MwalimuKakamega: Mama, mlimchagulia mkondo gani? Wazazi wengi hukimbilia STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), ilhali upo mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ambao ungemfaa kijana kama huyu.

BabaDunga: Kaka yangu aliacha shule Kisumu akiahidiwa nafasi katika klabu ya kandanda, goti likateguka kabla hajacheza msimu mmoja, na hadi leo anatafuta kazi bila cheti. Mtoto amalize shule kwanza.

Mdadisi: Theluji ya Nakuru iko wapi? Kisa hiki kimetungwa.

MamaLanet: Hakijatungwa. Binamu yake anayeishi Ufini alimletea skii zenye magurudumu, na alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, mwanangu hupanda nazo barabara ya lami huku akijisukuma kwa fimbo mbili. Ncha ya fimbo ya kulia imelika kwa kugonga lami hadi imekuwa butu kama kidole gumba. Mtoto anayejituma hivyo siwezi kumwita mvivu.

MkimbiajiEldoret: Mimi ninakuamini, mama, kwa sababu Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kabla ya kuanza skii mwaka 1996, akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 alishiriki Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie, alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 katika skii ya kuteremka milima, alihamia Austria akiwa na miaka mitatu. Lakini mwanao anafanya skii ya masafa, kama Boit, ambayo pumzi na miguu vinaweza kujengwa hapa hapa akiendelea na shule. Sasa tueleze, kuna jambo gani la haraka?

MamaLanet: Tumeshalipa arubuni ya safari ya Lesotho mwezi Juni. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa karo ya muhula wa pili, lakini karo hulipwa kidogo kidogo, na nafasi ya kukanyaga theluji halisi haiji kila mwaka.

BabaDunga: Kumbe! Karo ni karo, dada.

MwalimuKakamega: Juni ni katikati ya muhula, na kazi za tathmini atakazokosa hazitamngoja. Msimu wa theluji wa Afriski, kituo cha skii cha Lesotho kwenye milima ya Maluti, huwa Juni hadi Agosti, na Agosti shule zetu hufunga. Omba arubuni ihamishiwe likizo hiyo, ukamwone mwalimu wake wa Hisabati wiki hii.

Mdadisi: Kama kisa ni cha kweli, nami ninaunga mkono Agosti.

MamaLanet: Nitawapigia simu waandaaji wa safari kesho asubuhi kuuliza kuhusu Agosti. Wakikataa kuhamisha arubuni, bado sijui kama nitakuwa na moyo wa kumwambia asiende.

MkimbiajiEldoret: Wakikataa, mwambie Boit alianza akiwa na miaka zaidi ya ishirini. Mwanao bado ana muda.