Kutoka jukwaani kwenda tivii, na hii habari ya kufungua jumuiya

BintiWete:
Assalaam alaykum jamani. Nauliza wenye uzoefu, mie niko Wete, nnaigiza tangu skuli na kikundi chetu tunacheza jukwaani kwenye viwanja, mikutano ya afya, sherehe za Mapinduzi, popote tunapoitwa. Sasa nilikwenda Unguja kwenye odisheni ya tamthilia ya tivii nkapata nafasi ndogo tu, mdogo wake bibi harusi, lakini dairekta kila nikifungua mdomo ananambia punguza, punguza, na mie sijui nipunguze nini, sauti au mikono. La pili wenzangu wanashikilia nifungue jumuiya ya kusaidia mayatima kwa jina langu, eti msanii bila jumuiya hahesabiki, mbona hata Idris Elba, yule muigizaji wa Uingereza, anasaidia watu. Nianze sasa?

KakaMichenzani:
Waalaykum salaam mdogo wangu, hongera. Punguza vyote 😂 Jukwaani unamchezea yule aliyekaa juu ya ukuta huko nyuma na bakuli lake la urojo, lazma akusikie, lakini kamera iko karibu na pua yako, ukikunja uso kidogo tu mtu nyumbani kwake kashaona. Sauti ongea kama unaongea na mtu wa pembeni, maiki itakuchukua. Na jengine wasilokwambia, sini hazipigwi kwa mpangilio, leo unalia msibani, keshokutwa ndo mnapiga ile ya marehemu yuko hai anacheka, kwa hiyo andika pembeni ya skripti ulikuwa na hali gani. Kikombe ulishika mkono gani pia andika maana watairudia sini hiyo hiyo kwa pembe tofauti na ukibadilisha mkono mhariri hawezi kuunga, atakuchukia. Jukwaa usiliache lakini, tivii haikupi mwezi mzima wa mazoezi.

Maalim_Chake:
Huyo Elba mumtaje vizuri. Yeye kwanza ndo alisaidiwa, Prince's Trust, mfuko wa kusaidia vijana wa Uingereza, ilimpa pauni 1,500 akiwa kijana akajiunga na National Youth Music Theatre, kikundi cha maigizo ya muziki cha vijana. Tamthilia zilizomtoa, The Wire imekuja 2002, Luther 2010, na ubalozi wa IFAD, ule mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kilimo, kaupata 2020 pamoja na mkewe Sabrina. Hesabuni wenyewe hiyo miaka! Na IFAD kaikuta ipo tangu zamani, yeye kaenda kuipa sura yake. (Ndo huyo huyo ambaye 2024 tulisikia habari za kupewa ardhi ya kujenga studio ya filamu hapa Zanzibar, inshaallah tuione.)

Mama_Mkoani:
Mwanangu mie nalea watoto wa marehemu ndugu yangu. Alikuja msanii mmoja, simtaji, na mchele na mafuta, ahsante yake, lakini kampiga picha mtoto kashika mfuko ikazunguka WhatsApp mpaka skuli, mtoto wiki nzima hataki kutoka ndani. Wewe ukitaka kusaidia waite watoto Jumamosi uwafundishe maigizo, hilo halina haja ya jumuiya wala bango. Jumuiya ina Mrajis wa kuisajili, ina katiba, viongozi, hesabu za kupeleka, uko shutingi nani atakufanyia?

KakaMichenzani:
Mama kamaliza. Ila mie sikatai jumuiya moja kwa moja, baadae ukipata watu wa kuaminika kwenye pesa fanya, si sasa na si kwa jina lako.

BintiWete:
Shukran sana wakubwa zangu. Hiyo ya Jumamosi naipenda, kiwanja kipo nyuma ya skuli. Sasa malipo? Wamenambia tu "utaangaliwa" 😅

KakaMichenzani:
Weee! Utaangaliwa na nani? Kabla hujapanda boti waandikie, hata kwa WhatsApp, siku moja ya shutingi wanalipa kiasi gani, siku mkikaa bure mvua inanyesha inahesabiwa au vipi, nauli ya Pemba kuja Unguja na kurudi nani anatoa, na utalala wapi na kina nani. Mtoto wa kike usikubali hiyo ya mwisho wakujibu ukishafika.