Kompyuta ikinyakuliwa ghafla: BitLocker, BusKill au Tails?

Kalamu_Kavu: Wakuu, kompyuta yangu ina majina ya watu wanaonipa habari. Vibaka wa bodaboda au msako wa ghafla, hofu yangu ni moja: kunyang'anywa ikiwa inawaka. Ipi bora kati ya hizo tatu?

Fundi_Ilala: BitLocker, ule usimbaji wa diski wa Windows, peke yake haitoshi, mkuu. Diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo, inakulinda mashine ikiwa imezimwa. Ikiwaka, ufunguo umo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko haramu la mtandaoni Silk Road, alikamatwa Oktoba 2013 maktabani Glen Park, San Francisco. Maafisa wawili walijifanya wapenzi wanagombana nyuma yake, akageuka kutazama, kompyuta ikavutwa ikiwa wazi. Usimbaji wote ule haukumfaa kitu.

BiNyaraka: Ndiyo maana mimi naipenda BusKill. Ni kebo ya USB yenye kiungo cha sumaku, ncha moja unaifunga mkandani. Ikichomoka, skrini inajifunga, au mashine inazima kabisa ukiipanga hivyo. Panga izime! Skrini ikifungwa, ufunguo bado uko kwenye RAM, na watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba RAM ikipozwa sana hushikilia data dakika kadhaa hata umeme ukikatwa. Ubaya wake, ukiinuka kwenda msalani umesahau kuivua, kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda.

Fundi_Ilala: Naongezea: kufunika kifuniko ni kuilaza tu, haijazima. Na BitLocker ya kawaida hujifungua yenyewe ukiwasha, kwa hiyo weka PIN ya kuwashia. Inataka Windows Pro.

Sindano77: Tails jamani, mfumo endeshi unaowashwa kutoka kwenye flashi, bure kabisa. Chomoa flashi tu, mashine inazima na RAM inafutwa. Kwa kazi za ofisi kutwa nzima inachosha, sikufichi.

Wakili_Msomi: Oktoba 2015 polisi walivamia kituo cha waangalizi wa uchaguzi cha LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), Dar, wakabeba kompyuta na simu. Kwa hiyo nakala iliyosimbwa iwe kwingine. Ila programu za kufuta data wakati wa msako achaneni nazo. Mnaweza kushtakiwa kwa kuharibu ushahidi.

Kalamu_Kavu: Basi majina nahamishia Tails, kazi nyingine zibaki BitLocker na PIN. Kebo ya BusKill naipata wapi huku?

BiNyaraka: Iunde mwenyewe, ndugu yangu. Flashi ya zamani, kebo ya USB ya kurefushia na kiungo cha sumaku. Programu yenyewe ni bure.