Fangasi wa kucha za miguu: ninywe vidonge au nipake dawa?

Mlinzi_Kusini: Wakuu habari za muda huu. Kucha ya dole gumba la mguu imekuwa ya njano, nene, ukiikata inamomonyoka unga unga. Duka la dawa wamenipa njia mbili, vidonge vya terbinafine au ile ya kupaka juu ya kucha, amorolfine. Hela inatosha kitu kimoja, kesho nataka nikanunue. Nichukue ipi?

Mama_Tatu: Pole kaka. Mbona hujasema ni kucha ngapi, imeanza lini, imefika shinani au iko nchani tu? Sukari umepima? Pombe unatumia?

Fundi_Bomba: Vidonge mkuu. Miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, mimi nimepona hivyo. Za kupaka ni kumaliza hela tu.

KitengeBora: Fundi unamwambia mtu ameze wiki 12 ini hajapima?? Apime kwanza. Na kama iko nchani tu ya kupaka inasaidia, ila unapaka kila wiki karibu mwaka mzima na unakwangua kucha kabla ya kupaka, ukiruka ruka umeliwa.

Dada_Mbagala: Jamani mimi yalinikuta. Nilianzia kwa wale vijana wanaozunguka mtaani na vikapu vya rangi, kikatio hicho hicho kwa kila mteja, anakifuta na kitambaa basi. Kucha ikaanza kuachana na nyama, nikawa naficha kwa rangi, ikibanduka napaka nyingine juu yake. Duka la dawa wakanipa tyubu ya clotrimazole, miezi napaka, sasa kucha nene vile dawa inapita wapi? Nikaenda zahanati moja wakaning'oa kucha, ganzi haijakolea, nililia mpaka nesi akatoka nje. Ikaota mpya na ugonjwa wake ule ule maana kipimo hawakuchukua wala dawa ya kunywa hawakunipa. Daktari wa ngozi ndo alikuja kukwangua kucha wakaangalia kwenye hadubini. Dawa nilimaliza lakini kucha safi ilichelewa sana kujaa, ile ya dole gumba inachukua mwaka mpaka mwaka na nusu.

Babu_Chole: Siki na majani ya mwarobaini, loweka kila jioni. Wazee wetu hawakuwa na hizo terbinafine.

KitengeBora: Shikamoo babu. Siki haifiki chini ya kucha. Na wengine wanaloweka kwenye Jik kabisa, hiyo inachoma ngozi!

Babu_Chole: Marahaba. Jik sijasema mimi.

Mlinzi_Kusini: Asanteni. Kucha ni tatu, zimefika shinani, muda mrefu sasa. Navaa buti za mpira usiku mzima. Sukari sijapima ila mama anayo. Halafu moja ina mstari mweusi.

Mama_Tatu: Haya ndo ulitakiwa useme mwanzo! Kapime sukari kabla ya dawa yoyote, kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari si mchezo.

KitengeBora: Na huo mstari mweusi kamwonyeshe daktari. Bob Marley alianzia kwenye dole gumba la mguu hivyo hivyo, 1977 wakakuta ni saratani ya ngozi, 1981 akafariki.

Fundi_Bomba: Mnamtisha mwenzenu, buti likigonga kucha damu inaganda inakuwa nyeusi.

KitengeBora: Damu inasogea mbele kadiri kucha inavyoota. Mstari unaotoka shinani na hausogei ni habari nyingine. KCMC Moshi kuna mabingwa wa ngozi.

Mlinzi_Kusini: Moshi mbali, niko Mtwara.

Dada_Mbagala: Anzia hospitali ya mkoa. Na hata ukipona, buti hizo hizo zitakurudishia, tafuta pea mbili uvae kwa zamu, moja ikauke juani, bafu la pamoja uingie na ndala.

Fundi_Bomba: Na soksi za pamba, hizi za nailoni zinatoa jasho balaa.

Mlinzi_Kusini: Za pamba huku nazipata wapi? Sokoni zote wanasema pamba ukivaa unakuta nailoni.

Babu_Chole: Mitumba ya Jumamosi, fika mapema.