Memento kwa vijana wa Kadutu: tufanyeje wasipotee njiani?

MwanaKadutu
Ba yaya, salamu toka Bukavu. Jumamosi ijayo tunaonyesha Memento ya Christopher Nolan (2000) ukumbini hapa Kadutu. Watu kama 30, wanasikia Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kidogo sana. Filamu ina dakika 113, hadithi yake inaonyeshwa kwa kurudi nyuma, na hofu yangu ni kwamba kufika katikati watasema diski imeharibika. Mwenzetu mmoja anashauri tutafute toleo lililopangwa kwa mfuatano wa kawaida. Niwaeleze nini kabla ya kuanza, na nini ninyamazie?

FundiMontaji
Hilo toleo liache. Lipo kweli, lilifichwa ndani ya toleo maalumu la DVD, lakini filamu ikinyooshwa unabaki na mtu anayedanganywa huku wewe umekaa unajua kila kitu. Leonard, mhusika mkuu, hawezi kushika kumbukumbu mpya. Kila baada ya dakika chache anajikuta katikati ya jambo asilojua lilianzaje. Sasa, filamu ina vipande vya rangi na vya nyeusi na nyeupe. Kipande cha rangi kinapoanza, wewe pia hujui kilichotangulia, maana bado hujaonyeshwa. Mko sawa naye. Ukinyoosha, hiyo imekufa.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Vipande vya nyeusi na nyeupe vipe namba, 1 hadi 22. Vya rangi vipe herufi, A hadi V. Kwa saa ya kweli mambo yalikwenda 1, 2, 3 mpaka 22, halafu A, B, C mpaka V. Kwenye skrini unaona 1, V, 2, U, 3, T, hivyo hivyo mpaka 22 inakutana na A. Kiungo chao ni picha ya Polaroid (inayojitokeza yenyewe mkononi mara tu ikipigwa): inapojitokeza mkononi mwa Leonard, filamu yenyewe inaingia rangi. Wengi hawakioni.

Kabla ya kuanza sema haya tu: "Za rangi zinarudi nyuma, nyeusi na nyeupe zinakwenda mbele. Kila kipande cha rangi kinaishia pale kile cha rangi mlichoona kabla yake kilipoanzia." Ubao na herufi zako uchore baada ya filamu. Ukichora kabla, watafanya hesabu badala ya kutazama.

Na dakika za mwanzo waambie wasishangae: picha inafifia badala ya kujitokeza, damu inapanda ukutani. Ni hapo peke yake filamu inachezwa kinyume kabisa.

Dada_wa_Ibanda
Naongezea: wape vitu vya kufuata kwa macho. Mikwaruzo shavuni mwa Leonard: kwenye nyeusi na nyeupe haipo, kwenye rangi ipo. Suti na gari la Jaguar: si vyake, na swali la mwenye navyo ndilo linalofungua mlango wa mwisho. Kioo cha dirisha la gari: kikiwa kimevunjika, Dodd, anayemwinda Leonard, ameshapiga risasi, kikiwa kizima, bado. Namba za vyumba vya hoteli, 21 na 304.

Kuna kipande kimoja ambacho, ukumbi ukikishika, umeshinda. Natalie, mwanamke anayemsaidia Leonard, anaingia nyumbani uso umeumia, analia kwamba Dodd amempiga. Tunamhurumia. Kipande cha rangi kinachofuata kinatuonyesha kilichotangulia: anakusanya kalamu zote za nyumba ndani ya mkoba, anamtukana Leonard na marehemu mkewe mpaka anampiga, kisha anatoka na kukaa garini. Leonard anahangaika kutafuta kalamu aandike kabla hajasahau. Mlango wa gari unafungwa kwa kishindo, kichwa chake kinakuwa tupu, na Natalie anaingia analia. Ingekuwa kwa mfuatano wa kawaida, tungemchukia tu. Hivi tulivyoiona, aibu ni yetu.

Mkalimani243
Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: sauti ya Kifaransa haisomi maandishi, na filamu hii nusu yake imeandikwa kwenye picha na kwenye ngozi ya Leonard (chale za wino). Chapisha karatasi: "Mkumbuke Sammy Jankis" (mkononi; ni mtu ambaye Leonard anasimulia habari zake). "Usiamini uongo wake" (picha ya Teddy, mtu anayejifanya rafiki yake). "Naye amefiwa. Atakusaidia kwa huruma" (picha ya Natalie, na juu yake kuna mstari uliofutwa kwa wino, waambie wauone, usiwaambie ulisema nini).

Usiweke mtu wa kutafsiri kwa maikrofoni. Mazungumzo ya simu ya nyeusi na nyeupe yataingiliana na sauti yake na hakuna atakayesikia chochote.

Betri_na_Waya
Umeme. Projekta ya wati 250, kompyuta 60, spika 40: wati 350. Kwa dakika 113 ni karibu wati-saa 660, na inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) inakula yake, hesabu 750. Betri moja ya 12V, 100Ah ina 1200, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Haitoshi. Unga mbili sambamba. Na ikizimika, usianzie ulipokomea: rudi mwanzo wa kipande cha rangi, la sivyo kiungo kinapotea na hakuna atakayekijenga upya kichwani.

MwanaKadutu
Aksanti sana. Na baadaye, wakiuliza kama Teddy, kwa yale anayomwambia Leonard mwishoni, alisema kweli ama alidanganya?

FundiMontaji
Usihukumu. Rudisha nyuma uwaonyeshe Sammy amekaa kwenye kiti hospitalini: mtu anapita mbele yake, na kwa muda usiofika sekunde moja aliyekaa pale ni Leonard. Simamisha hapo. Halafu waulize kwa nini Leonard anachoma picha, na namba ya gari la nani anaiandika mwenyewe, kwa mkono wake.

MwanaKadutu
Sawa. Betri mbili, karatasi 30. Kalamu nitazikusanya mapema.

Dada_wa_Ibanda
Hahaha, ujuaye wewe!