Mtoto hajamaliza chanjo ya surua, shule imkatae? Tujadili

Wakuu habari, naomba tusitukanane. Mtoto akija chekechea na kadi ya kliniki haina surua zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, apokelewe au arudishwe? Mi nilikuwa wa arudishwe tena bila huruma, maana surua siyo vipele tu, inapofua macho inaua, na mgonjwa akishatoka chumbani kirusi kinabaki hewani hadi masaa mawili.

Sasa mdogo wangu kagoma kumpeleka mwanae hiyo ya pili. Ya kwanza mtoto alichemka kama siku ya nane hivi, kaenda kuuliza kajibiwa "we mama umekuwa daktari?" Na homa ya wiki moja baadaye ni kitu kinachojulikana kabisa, ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia.

Ndo nikakumbuka ya Samoa, kile kinchi cha visiwa huko Pasifiki. 2018 manesi wawili walichanganya chanjo ya unga na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake ya kuchanganyia, vichanga viwili vikafa, serikali ikasimamisha chanjo miezi kibao na watu wakabaki na uoga wao. 2019 surua ikaingia ikaua watu 83, wengi watoto wadogo, nchi yenyewe ina watu kama laki mbili tu! Mpaka wakaambiwa kaya ambayo haijachanjwa itundike kitambaa chekundu nje manesi wapite. Chanjo haikuwa na kosa pale, ila aliyeogopa naye simwiti mjinga.

---

Mkuu pole kwa mdogo wako lakini wangu ana miezi sita, hata umri wa kuchanjwa hajafika. Huyo mtoto wake akimkoholea wangu nani anajibu? Arudishwe, aulize maswali yake akiwa nyumbani.

---

Nyie mnabishana kugoma, wengine hatujagoma. Kichupa kimoja ni cha watoto kumi na kikifunguliwa masaa sita kinamwagwa, so nesi anasubiri watoto watimie. Nimetembea na mtoto mgongoni mara mbili naambiwa mpo wanne njoo siku nyingine, ya tatu nikaenda shamba zangu. Na mimi mnirudishie mtoto?

---

Hiyo ya kichupa sikuijua kwa kweli. Kwenu wanafungua siku gani?

---

Jumatano. Wakitimia.