Tupeane uzoefu: Mbahai alipokwambia mitume wote ni njia moja, uliishia wapi?

Mwanzilishi (Kampala)

Wakuu, heshima zenu. Mliowahi kukaa na Wabahai, iwe majirani, wafanyakazi wenzenu au wakwe, naomba uzoefu wenu kuhusu fundisho lao la ufunuo wa hatua kwa hatua: kwamba Ibrahimu, Musa, Krishna, Zarathustra, Buddha, Yesu, Muhammad, Bab (mtangulizi wa dini yao) na Baha'u'llah (mwanzilishi wake) wote wametumwa na Mungu mmoja, kila mmoja kwa zama zake.

Naanza mimi. Ni Mwanglikana, na hekalu lao la Kikaaya hapa Kampala, lililofunguliwa 1961, nimeingia mara kadhaa. Lina pande tisa. Hakuna sanamu, hakuna mahubiri, hakuna ala za muziki, ni sauti za watu tu. Jumapili moja ilisomwa Zaburi, ikafuata Qur'ani, kisha maandiko ya Baha'u'llah, nami nikasali kwa amani kabisa. Baadaye rafiki yangu Mbahai akanieleza kwa mfano wa shule: Mungu anafundisha, wanadamu wanapanda madarasa.

Nikamuuliza kuhusu kaburi tupu. Akajibu kwa upole kwamba ufufuko haukuwa wa mwili. Abdu'l-Baha, mwana wa Baha'u'llah, alifundisha kuwa baada ya msalaba wanafunzi walivunjika moyo, na siku ya tatu imani yao ndiyo iliyopata uhai tena. Hapo nimekwama mpaka leo. Darasa la pili haliji kuniambia kwamba jumlisha niliyofunzwa la kwanza haikuwa jumlisha. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anawataja waliomwona: Kefa, wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya mia tano. Yesu asiyefufuka kwa mwili anaweza kuheshimiwa sana, lakini siye ninayemwabudu mimi.

Ustadhi (Tanga)

Assalaam alaykum. Nilifanya kazi na mzee mmoja Mbahai, mtu wa amana, hasemi uongo hata wa kuokoa ugomvi. Nikamsomea Qur'ani, Al-Ahzab aya ya 40, kwamba Mtume (s.a.w.) ndiye wa mwisho wa manabii. Akanijibu kwa hoja ya Kitab-i-Iqan, kitabu cha Baha'u'llah: mitume wote ni kitu kimoja, hivyo kila mmoja aweza kuitwa wa kwanza na wa mwisho. Sasa aya ikisema wa mwisho na bado isimzuie ajaye, ingesemaje ndipo imzuie?

Na yale ya Mwanzilishi yananihusu mimi pia. An-Nisaa 157 inasema Isa hawakumuua wala hawakumsulubu. Mzee wangu akasema alisulubiwa kweli, ila roho yake haikuguswa. Kwa hiyo Mkristo anaambiwa ufufuko wake ni wa kiroho, mimi naambiwa aya yangu ni ya kiroho, na tunatakiwa sote tuone tumekubaliwa.

Dada wa Mara

Mimi Msabato, na kwetu 1844 si mwaka wa kupita hivihivi. Danieli 8:14, siku 2300, kila siku ikihesabiwa mwaka, unaanza 457 KK unafika 1844: tarehe 22 Oktoba, hukumu ya upelelezi, yaani kuchunguzwa kwa kumbukumbu za waumini, inaanza mbinguni. Mwalimu wa Kibahai akaniwekea hesabu ileile mezani, akaishia Mei 1844, Bab alipojitangaza Shiraz, Uajemi (Iran). Akaongeza kuwa kwa Hijria ni 1260, namba ya siku zinazotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Niseme haki, Danieli alimjua vizuri. Lakini andiko linasema patakatifu patatakaswa. Mjumbe mpya sikumwona pale.

Mwana wa Soy (Kenya)

Hekalu la Matunda Soy lilifunguliwa 2021, si mbali na kwetu. Bibi yangu alimwomba Wele, jina la Mungu kwa kwetu, asubuhi, uso umeelekea jua linakochomoza. Wabahai waliniambia hakuna taifa lililoachwa bila mjumbe, ila majina mengi yamepotea. Neno hilo lilinigusa, kwa sababu wamisionari hawakuwahi kumwambia bibi hivyo. Lakini orodha yao ya majina haina hata mmoja wa huku kwetu.

Kinachonisumbua zaidi ni miaka. Kutoka Yesu hadi Muhammad ni kama 600, kutoka hapo hadi Bab zaidi ya 1200, halafu kutoka Bab (1844) hadi Baha'u'llah kujitangaza Baghdad (1863) ni 19 tu. Kisha Kitab-i-Aqdas, kitabu cha sheria cha Baha'u'llah, inasema atakayedai ufunuo kabla miaka 1000 haijatimia ni mwongo. Mlango uliokuwa wazi ukafungwa na aliyeingia mwisho.

Mbahai (Nakuru)

Ndugu zangu, asanteni kwa adabu yenu. Sheria za jamii hubadilika, kama Musa alivyoruhusu talaka na Yesu akaibana, ila msingi wa kiroho ni uleule. Na miaka 19 haikuwa ya kushtukiza: Bab mwenyewe alitangaza kuwa yuko atakayekuja baada yake. Kumbukeni pia kuwa Shiraz, mwaka 1983, wanawake 10 walinyongwa siku moja kwa imani hii.

Mwanzilishi

Kaka, kuwanyonga wale kina mama ni dhuluma, na hakuna hoja yetu hapa inayoihalalisha.

Kuhusu Bab, nakubali alimtaja ajaye. Lakini wako Wababi waliobaki na Mirza Yahya, ndugu wa baba mmoja wa Baha'u'llah. Walisoma Bayan, kitabu cha Bab, hiyohiyo, na Baha'u'llah wakamkataa. Walikuwa wafuasi wa Bab kama wale wengine. Nijibu hili kwa utaratibu wako, hata kesho: mwenye kitabu cha zamani atampimaje mjumbe mpya, ikiwa maana ya kitabu hicho anaipokea kwa mjumbe huyohuyo?